Tukimchora Koitalel akipigana na mazimwi, Meinertzhagen atakaa wapi?

Kuna aina ya vitabu vya katuni iliyoshamiri Marekani na Uingereza tangu mwanzoni mwa karne hii. Mtunzi huchukua watu waliopata kuishi kweli, watu wenye tarehe za kuzaliwa na za kufa, huwaunganisha wakawa kundi moja, kisha huwafungulia mapepo, mizuka na viumbe vya kutoka ulimwengu mwingine wapambane navyo. Katika Necronauts, hadithi iliyotokea katika jarida la katuni la Uingereza liitwalo 2000 AD, bingwa wa mazingaombwe Harry Houdini anaungana na mwandishi Arthur Conan Doyle, Charles Fort, aliyekusanya habari za matukio ya ajabu, na H. P. Lovecraft, mtunzi Mmarekani wa hadithi za kutisha. Katika The Five Fists of Science ya mwaka 2006, mwandishi Mark Twain, mvumbuzi Nikola Tesla na Bertha von Suttner, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1905, wanakabiliana na matajiri wa New York wanaochezea nguvu za giza. Wachoraji vijana wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanavisoma vitabu vya namna hii kwenye simu zao, na wana haki ya kuuliza: mbona Koitalel, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen, hayumo? Mbona Elijah Masinde hayumo, wala Moraa wa Ngiti?

Nataka waingie. Nataka kitabu hicho kichorwe, kichapwe na kiuzwe Kondele kando ya magazeti na vitabu vya mitihani. Ila nina ombi moja kwa yeyote atakayeshika kalamu. Kabla hajaamua nani atapigana na zimwi, aulize kwanza ni nani aliyeliita zimwi. Huku kwetu magharibi swali hilo limewahi kuwa la kufa na kupona. Ukoo mzima umewahi kung'olewa kwenye ardhi yake, na vikongwe wamechomwa moto wakiwa hai, kwa sababu kuna watu waliowatazama wakaona viumbe vya kutisha.

Kwanza niseme kinachonivutia katika vitabu hivi, maana kuna wanaovidharau kuwa ni michezo ya watoto. Houdini na Conan Doyle walikuwa marafiki kweli, na urafiki wao ulivunjika kweli kwa sababu ya mizimu. Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, aliamini kwa moyo wote kwamba wafu huzungumza na walio hai. Houdini alizunguka mijini akiwaumbua wanaodai kuita wafu. Mtunzi anapowaweka wawili hao chumba kimoja na mzuka wa kweli, anauendeleza ugomvi uliokatizwa na kifo cha Houdini mwaka 1926. Hapo sanaa imefanya kazi ambayo kitabu cha historia hakiwezi kuifanya: inamwuliza mtu aliyekufa swali alilolikimbia akiwa hai.

Lovecraft ndiye anayenipa shida. Katika vitabu vingi vya aina hii yeye ni rafiki wa mashujaa, kijana dhaifu anayejua siri za viumbe vya kale. Viumbe hivyo, vyenye mikia na minyiri, vinavyolala chini ya bahari vikingoja siku yao, vimetoka kichwani mwake. Lakini kichwa hicho kilijaa chuki ya rangi, na barua zake zinaonyesha hivyo bila kuficha. Aliwaogopa wahamiaji, aliwaogopa watu weusi, aliogopa damu kuchanganyika. Baadhi ya mazimwi yake ni hofu hiyo hiyo iliyovishwa magamba. Anayemwazima Lovecraft zimwi bila kuuliza, amemwazima na hofu yake.

Wapo walioliona hilo na kulitafutia njia. The Five Fists of Science, pamoja na vurugu na mizaha yake, haikumwondolea J. P. Morgan lawama. Ni yule yule bepari aliyeishika nchi mkononi, na uchawi anaoufanya ni tamaa yake ile ile. Kisha kuna Bitter Root, iliyoanza 2018 na kushinda tuzo ya Eisner, ya vitabu vya katuni Marekani, mwaka 2020. Familia iliyomo ni ya kubuni, lakini Harlem ya miaka ya 1920 ni ya kweli, na binadamu anageuka dude kwa sababu chuki ya rangi imemla ndani. Hapo msomaji hawezi kusema aliyetenda ni dude. Aliyetenda ni mtu, na dude ndiyo sura aliyojipa kwa kutenda.

Sasa turudi nyumbani, tuanzie kwenye reli.

Mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua waliokuwa wakijenga daraja la reli pale Tsavo. Vibarua wengi waliamini kuwa wale si simba, ni mashetani. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua Desemba mwaka huo, na baadaye akadai kuwa walikuwa wamekula watu 135. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa 2009 ulikadiria kuwa walioliwa ni kama 35. Simba hao wamesimamishwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, wameandikiwa vitabu, wametengenezewa filamu. Ilhali Wahindi waliokufa katika ujenzi wa reli ile kutoka Mombasa hadi hapa ziwani, kwa maradhi na ajali hasa, ni takriban 2,500. Hao filamu yao iko wapi? Simba wana sura na wana meno, wanapigika risasi na hadithi ikaisha. Malaria, mkataba mbovu wa kazi na mkubwa wa ofisi anayetaka reli ifike upesi havichoreki kirahisi hivyo. Ndiyo maana zimwi hupenda kuibeba hadithi yote peke yake, na ndiyo maana mchoraji lazima alishike mkono.

Reli hiyo hiyo ndiyo inayotupa picha kubwa kuliko zote tulizo nazo upande huu. Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, alitabiri kwamba nyoka angetoka kwenye ziwa la mashariki akitema moshi na moto, akapita katika nchi ya Wanandi mpaka akafika ziwa la magharibi kukata kiu yake. Wanandi wenyewe walimuua Kimnyole mwaka 1890 wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ukingoni mwa ziwa, hapa Kisumu, ikiitwa Port Florence wakati huo. Mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, ndiye aliyekuwa akiongoza vita dhidi ya reli hiyo. Watu wake walikata nyaya za simu wakajipambia, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha.

Hebu fikiria ukurasa huo. Mchoraji yeyote anayeipenda kazi yake ataona nyoka mara moja: mwili wa mabehewa, jicho la taa, moshi unaotoka puani. Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo. Nyoka akichorwa mwenye uhai wake, mwenye njaa yake mwenyewe, Koitalel atakuwa anapigana na mnyama, na Bunge la London lililopitisha sheria ya reli hiyo mwaka 1896 litakuwa limeyeyuka. Nyoka akichorwa kama garimoshi tupu, utabiri wa Kimnyole nao utakuwa umedharauliwa, kana kwamba mzee yule aliona vibaya. Mimi naona aliona sawasawa. Ningemtaka mchoraji anipe nyoka, lakini nyoka mwenye madirisha, na kwenye kila dirisha nione uso: karani anayehesabu ekari, mpimaji na mnyororo wake, mlowezi aliyeahidiwa shamba, askari mwenye bunduki. Hapo nitamwogopa nyoka na nitajua ni akina nani waliomo ndani.

Ugumu unazidi tukifika tarehe 19 Oktoba 1905. Siku hiyo Koitalel alikwenda kukutana na afisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa kutafuta amani. Meinertzhagen akampiga risasi. Maafisa wenzake waliichunguza kesi hiyo, wakamwondolea hatia, kisha akaondolewa nchini. Wanandi wanasimulia kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa kikachukuliwa. Fimbo tatu zilizochukuliwa siku hiyo zilirudishwa mwaka 2006, baada ya karne nzima kupita zikiwa Uingereza, na leo jumba la makumbusho lenye jina la Koitalel liko Nandi Hills.

Kanuni ya vitabu vya mazimwi ina njia yake iliyozoeleka ya kumsawiri mtu kama Meinertzhagen. Inamtia pepo. Macho yanabadilika rangi, sauti inakuwa nzito, na msomaji anaelewa kuwa mkono uliofyatua risasi si wake. Sisi tunaijua hoja hii vizuri kuliko wageni, maana tunaisikia kila wiki: mtu kaiba, kapiga, kabaka, na mbele ya hakimu anasema ni shetani tu alimpitia. Hakimu haachi kumhukumu kwa sababu hiyo. Mchoraji naye asimwachie Meinertzhagen mlango huo. Alikuwa na akili timamu. Kwa kweli alikuwa mjuzi sana wa ndege, na hata huko baadaye wataalamu waligundua kuwa aliiba ndege waliokaushwa katika makumbusho na kuwabandika maelezo ya uongo juu ya mahali walikopatikana. Mtu anayedanganya hata juu ya shomoro hahitaji pepo ili adanganye juu ya mkutano wa amani.

Kuna jambo jingine la Meinertzhagen ambalo mtunzi wa katuni angelipata kwa kubuni, ningemwambia amezidisha chumvi. Katika misitu ya Nandi kulikuwa na uvumi wa mnyama mkubwa mweusi ambaye sayansi ya Ulaya haikumjua. Meinertzhagen alipata mabaki yake akayapeleka London, na mwaka 1904 mnyama akatangazwa rasmi: nguruwe mkubwa wa msituni. Jina lake la kisayansi mpaka leo ni Hylochoerus meinertzhageni. Kiumbe cha hadithi kilitolewa msituni, na mwaka mmoja kabla ya Koitalel kuuawa kikapewa jina la muuaji wake. Wenyeji waliomjua mnyama huyo tangu enzi za babu zao hawamo kwenye jina hilo.

Walowezi nao walikuwa na dude lao, waliloliita dubu wa Nandi, wakalisaka kwa bunduki na kuliandikia magazetini. Wanandi walikuwa na chemosit, ambaye A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku mithili ya taa. Watoto wa Bonde la Ufa bado wanatishwa kwa jina lake. Kati ya hao wawili, wa kuchorwa ni chemosit, kwa sababu anatisha kwa namna yake mwenyewe na hakutengenezwa ili ateke hisia za mwindaji wa Kizungu. Na ana faida nyingine: watoto wa Nandi ndio aliokuwa akiwatisha, kwa hiyo Koitalel anaweza kupigana naye bila mtu yeyote wa kweli kupokonywa lawama yake.

Ziwani mambo hugeuka kabisa. Mwaka 1913, huko Alego, mtu aliyeitwa Onyango Dunde alisema kwamba nyoka mkubwa aliinuka kutoka Ziwa Victoria, akammeza, kisha akamtapika akiwa mzima na kumpa ujumbe. Nyoka huyo alikuwa Mumbo. Ujumbe wake ulikuwa kwamba dini ya Wazungu imeoza, kwamba Wazungu wenyewe watatoweka, na kwamba wanaomfuata Mumbo watapata neema bila kutumikishwa. Imani hiyo ilivuka kutoka kwa Wajaluo ikaingia Gusii, serikali ikaiona ni hatari, na viongozi wake wakahamishwa mpaka Lamu. Katika majalada ya wakoloni Mumbo ni wazimu na ulaghai. Kwa waliomwamini alikuwa mkombozi.

Na nyoka wa ziwa hakuishia 1913. Watu wa Nyakach, kando ya ziwa, wanamjua Omieri, chatu ambaye kuja kwake kunasomwa kuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri aliungua katika moto wa nyika na nchi nzima ikafuatilia matibabu yake. Mwaka 2003 chatu mwingine akaonekana huko huko Nyakach, watu wakamiminika kumwona, wazee wakitaka aachwe kwa amani. Hiyo ndiyo nchi ambamo mchoraji wa Kisumu anafanyia kazi. Akiichukua kanuni ya Lovecraft, kwamba kinachotoka chini ya maji ni cha kuogofya na kuuawa, atamchora Mumbo na mikia yake, atawapanga mashujaa ufukweni Dunga na mikuki mikononi, na ukurasa wa mwisho nyoka ataelea amekufa. Picha zitapendeza. Na atakuwa amechora ripoti ya DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Kumgeuza Mumbo akawa mnyama mwema tu nako ni kumkosea. Neema aliyoiahidi haikutoka ziwani. Watu walioacha kazi na mashamba wakiingoja waliumia, na kitabu kinachoheshimu wasomaji wake hakina budi kulibeba hilo pia. Kinachonivuta kwa Mumbo ni kwamba yeye ni kiumbe mwenye pande mbili kwelikweli: anatisha, anafariji, anaahidi, anakosa kutimiza. Vitabu vingi vya Marekani nilivyovisoma havina kiumbe hata kimoja chenye uzito huo.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonifanya niandike makala haya. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Walaibon, jina walilowapa viongozi wa kiroho kama Orkoiyot. Kwa sheria hiyo watu wapatao 700 wa ukoo wa Talai, wazee, wanawake na watoto, walitolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, pembezoni mwa ziwa, mahali pa mbung'o na malaria. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika ukoo unaosadikiwa kuwa na nguvu za kuona yajayo na kulaani. Ardhi waliyoiacha ni ile yenye chai leo. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 akaachiliwa 1964, takriban miaka 40 kizuizini. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyewahi kuichezea Kenya soka dhidi ya Uganda, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945 kwa sababu alisema Wazungu waondoke na watu wairudie miungu yao. Kwa serikali, anayezungumza na mizimu alikuwa mmoja wa wawili: mchawi wa kuhamishwa au kichaa wa kufungiwa.

Tusijidanganye kwamba mtazamo huo uliondoka na bendera yao. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee wakauawa kwa madai hayo hayo. Kwa hiyo mchoraji anaponiambia kuwa zimwi lake ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake nje ya kijiji, sitamjibu kwa lugha ya sanaa. Nitamwambia aache. Najua picha hiyo iko katika hadithi za kila taifa na kwamba msomaji wa London ataipita bila kusimama. Msomaji wa Kisii atamtazama jirani yake.

Hapa wengine watasema ninaifunga sanaa kamba. Mtunzi awe huru, wanasema, na msomaji ana akili. Nakubali msomaji ana akili, na naamini katuni hazichomi nyumba. Lakini uhuru wa mtunzi unaonoga ni ule unaomfikisha mahali papya, na bibi kizee mchawi si mahali papya. Ni mahali pa zamani kuliko reli. Anayetaka kuogofya watu wa magharibi mwa Kenya ana mengi yasiyoguswa: Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama usiku mmoja kwa kumfukuza bibi kizee mgeni, na maji yake bado yapo, shimo la Menengai juu ya Nakuru, ambalo Wakikuyu huliita mlima wa mashetani, vichwa vya mashujaa waliokatwa, ambavyo jamaa zao wanaviulizia mpaka leo. Kisa cha Simbi Nyaima chenyewe kinamtetea bibi kizee. Anayefukuza ndiye anayezama.

Wala hatuanzi kwenye uwanja mtupu. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka Pichadithi za miaka ya 1980, zilizochora ngano za jamii zetu, Lwanda Magere akiwamo. Shujaa huyo wa Kano, mwenye mwili wa jiwe, aliuawa kwa kuchomwa mkuki kivulini baada ya mke wake wa Kinandi kuigundua siri yake. Ukisimama Chemelil au Muhoroni, ambako Wajaluo na Wakalenjin wamegombana mara ngapi juu ya mpaka, unajua kisa hicho si cha kale sana. Kumweka Magere na Koitalel upande mmoja wa vita ni uamuzi wa kisiasa, hata kama mchoraji alitaka burudani tu. Naupenda uamuzi huo. Ila mke wa Kinandi lazima apewe kauli yake, maana kufikia sasa amekuwa mtego tu wenye jina la mke. Naye Nabongo Mumia wa Wanga, aliyeshirikiana na Waingereza na kufariki 1949, asifanywe jitu la kupigwa kwa urahisi. Alikuwa mfalme aliyepima nguvu za jirani zake na za wageni, akachagua. Wajukuu zake wapo Mumias, na mchoraji akabishe hodi kwanza.

Kama ningeombwa nitaje kitabu kimoja tu cha kuanza nacho, kisingekuwa cha Koitalel. Ningechagua Gusii ya mwaka 1913 na 1914. Tazama waliokuwapo. Moraa wa Ngiti, nabii wa kike, ambaye mwaka 1908 alimchochea Otenyo Nyamaterere amchome mkuki afisa Northcote; Northcote alipona, Otenyo akakamatwa na kuuawa, na Wagusii wanasimulia kuwa kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama wa Pwani kuwapinga Waingereza, aliyeletwa kutoka Ugiriama hadi Kisii kama mfungwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola mwaka 1913, wakatoroka mapema 1914 na kurudi Pwani kwa miguu. Habari za Mumbo zikivuka kutoka Alego mwaka huo huo. Kisha Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii, Waingereza wakaukimbia, na waliomwamini Mumbo wakaona ahadi inatimia mbele ya macho yao, mpaka Waingereza waliporudi na kuwaadhibu wenyeji.

Wamarekani walilazimika kumsafirisha Twain na kumkutanisha na Tesla kwa ajili ya hadithi, ingawa wawili hao walifahamiana kweli. Kwetu sisi, wanawake wawili walioitia serikali kiwewe walikuwa katika wilaya moja, msimu mmoja, nyoka wa ziwa akitajwa vijijini na vita vya dunia vikiwa njiani. Kitu pekee ambacho mtunzi anapaswa kukibuni ni usiku waliokutana. Dude lao linaweza kuwa lolote linalobeba vichwa vya watu kwenye kreti kwenda ng'ambo, mradi kwenye kreti kuwe na lebo, na kwenye lebo jina la aliyetuma.

Kitabu hicho kiandikwe kwa Kiswahili, na hapo patakuwa na kazi ya kweli. Moraa alisema Ekegusii. Mfuasi wa Mumbo aliyetoka Alego alisema Dholuo. Kiswahili kilichosikika Kisii miaka ile kilitoka zaidi kinywani mwa askari na karani wa serikali, kwa hiyo ukimpa Moraa Kiswahili fasaha ukurasa wa kwanza, umemvisha sare. Mekatilili ni tofauti. Wagiriama waliishi jirani na Waswahili na kufanya nao biashara muda mrefu kabla ya DC yeyote kuja, na Kiswahili chake kingekuwa cha Pwani, cha sokoni, kisichomwogopa mtu. Ningempa yeye aseme kwanza, askari wa zamu akimsikia na kushangaa kwamba mfungwa anaijua lugha hiyo kumshinda.